Mico wa Brazili na Miaka Mia Tano ya Kuuzwa

Februari 1511 meli ya Kireno iliyoitwa Bretoa iling'oa nanga Lisbon ikaelekea Brazili, nchi ambayo Wareno walikuwa wameifahamu kwa miaka 11 tu. Ilifika Cabo Frio, rasi iliyo mashariki ya mahali ulipokuja kujengwa mji wa Rio de Janeiro, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imerudi kwao na magogo yapatayo 5,000 ya mbrazili, mti ambao kiini chake chekundu kilitia rangi nguo za matajiri wa Ulaya. Karani wa meli, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kilichopakiwa, hakuishia kwenye magogo. Aliwaandika pia wenyeji zaidi ya 30 waliokuwa wakipelekwa utumwani, wengi wao wanawake. Baada ya hao wakafuata kasuku, paka-mwitu, na tumbili wadogo walioitwa saguim. Kila kiumbe kilikuwa na mwenyewe na bei yake.

Daftari hilo limesalia hadi leo, na ni miongoni mwa nyaraka za kale kabisa za biashara ya Brazili. Karani hakujishughulisha kueleza saguim wake wana sura gani. Aliyejishughulisha ni Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyesafiri na Magellan. Msafara wao uliingia ghuba ya Rio Desemba 1519, na miongoni mwa mambo yaliyomvutia ni tumbili wa manjano waliofanana na simba, ambao aliwaona wazuri kupindukia. Katika pwani ile yuko mmoja tu anayelingana na maelezo hayo.

Wabrazili humwita mico-leão-dourado, au mico kwa mkato. Wanasayansi humwita Leontopithecus rosalia. Mwili wake una urefu wa sentimita 30 hivi, mkia ni mrefu kuliko mwili, na uzito wake ni kama nusu kilo, au zaidi kidogo akishiba. Manyoya yake yana rangi ya machungwa inayometa, na yale ya kichwani yanauzunguka uso mweusi kama singa za simba. Hapatikani popote duniani kwa asili yake ila katika misitu ya nyanda za chini za jimbo la Rio de Janeiro, sehemu ya ule msitu wa Atlantiki uliowahi kutanda pwani ya Brazili kwa maelfu ya kilomita.

Uzuri huo ndio uliomponza, lakini anayemjua kwa sura tu hamjui. Mtu akitaka kumfahamu amtazame asubuhi anapotafuta chakula. Juu ya matawi ya msitu ule humea mimea iitwayo bromelia, isiyohitaji udongo, ambayo majani yake hukutana chini na kufanya kikombe cha kukinga maji ya mvua. Mico hujishikiza kwa kucha za miguu, huinama, kisha huzamisha mkono ndani ya kikombe hadi kwenye kiwiko. Vidole vyake ni virefu na vyembamba mno, kama si vya mwili ule. Hatafuti kwa macho. Macho yako kwingine, yanaangalia kama kuna mwewe. Ghafla mkono hutoka na panzi, au chura mdogo anayerusha miguu. Mico mzima akipata windo namna hiyo mara nyingi hutoa mlio maalumu, na watoto humkimbilia na kumnyang'anya mdomoni. Yeye huwaachia.

Familia ya mico ina wanyama wachache, kwa kawaida hawazidi kumi. Jike mmoja ndiye anayezaa, na mara nyingi huzaa pacha. Baada ya siku za mwanzo mama huwanyonyesha tu. Kuwabeba ni kazi ya baba, na ya kaka na dada waliozaliwa kabla. Jioni wote huingia katika tundu moja la mti na kulala wamerundikana. Desturi hiyo huwakinga na baridi na maadui wa usiku, ila pia humrahisishia kazi mtu mwenye gunia, maana familia nzima hukamatika kwa mpigo mmoja.

Tatizo la wafanyabiashara wa mwanzo halikuwa kumkamata bali kumfikisha. Jean de Léry, Mfaransa aliyeishi katika ghuba ya Rio mwaka 1557 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka 1578, alimsifu mnyama huyu kuliko wengine wadogo wa nchi ile, lakini alieleza kwamba hastahimili safari ya bahari, na kwamba ana kiburi kiasi kwamba akiudhiwa kidogo hususa mpaka afe. Yale Léry aliyoyaita kiburi leo yangeitwa mshtuko, kiu na njaa ya mnyama anayehitaji wadudu na matunda mabichi lakini akapewa biskuti za mabaharia. Hata hivyo wachache walifika, na uhaba wao ndio uliowapandisha thamani. Katika Paris ya miaka ya 1750 mmoja alikuwa mali ya Madame de Pompadour, mwandani wa Mfalme Louis wa 15, na mwanazuoni Mathurin Brisson alimtumia katika kuandika maelezo yake ya mwaka 1756. Miaka kumi baadaye mwanasayansi Linnaeus alimpa jina rosalia. Kwa hiyo sayansi ya Ulaya ilimjua mico kwanza kama pambo la sebuleni, na ilichukua zaidi ya miaka 200 kabla mtu hajamfuata msituni kwa daftari kuona anaishi vipi.

Wakati huo shoka halikuwa limelala.

Aprili 1832 Charles Darwin, kijana wa miaka 23, alipanda farasi kutoka Rio hadi mto Macaé. Njia ile ilikatiza nchi ya mico. Msitu ulimlevya kwa uzuri, lakini lililomkaa moyoni ni jambo jingine: katika shamba moja alimkuta mwenye shamba yuko tayari kuzitenganisha familia zipatazo 30 za watumwa na kuwauza wanawake na watoto mnadani Rio. Watumwa wa mashamba yale waliletwa kutoka Kongo, Angola, na wengine kutoka Msumbiji, upande wetu wa bahari. Wao ndio waliolazimishwa kufyeka msitu kwa ajili ya miwa na kahawa. Daftari la Bretoa lilikuwa limeweka binadamu, mti na mnyama katika orodha moja, na baada ya miaka 300 hesabu ilikuwa bado ileile, imekua tu.

Baada ya kahawa kuchosha udongo ikaja mifugo. Milima iliyovuliwa nguo ikageuzwa malisho, na miti iliyobaki ikachomwa mkaa kwa ajili ya jiji. Daraja la kuunganisha Rio na Niterói lilipofunguliwa mwaka 1974, watu wa jiji waliweza kufika pwani ya mashariki kwa muda mfupi, na viwanja vya nyumba za mapumziko vikapimwa hadi Cabo Frio. Inakadiriwa kwamba katika eneo la asili la mico msitu uliosalia ni kama asilimia 2, tena si msitu mmoja bali vipandevipande vilivyozungukwa na nyasi. Hapa inafaa kusema wazi: kila simulizi ya mnyama huyu humlaani mfanyabiashara wa wanyama, na laana hiyo anaistahili, lakini aliyemfikisha mico ukingoni hasa ni mwenye shoka na mwenye ng'ombe. Mtego hupunguza familia, na familia huweza kuzaa tena. Msitu ukishakuwa malisho, hakuna pa kuzalia.

Mtu aliyeliona hilo mapema ni Adelmar Coimbra-Filho, Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1924. Katika miaka ya 1960, pamoja na mwenzake Alceo Magnanini, alizunguka wilaya za jimbo la Rio akiuliza mico wako wapi. Sehemu nyingi alijibiwa kwamba walikuwepo zamani. Kwa makadirio yake, kati ya mwaka 1960 na 1965 mico 200 hadi 300 walikuwa wakisafirishwa nje kila mwaka, kwenda kwenye bustani za wanyama, maabara na nyumba za watu waliotaka kipenzi cha ajabu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 alikadiria kwamba waliobaki msituni ni mia chache tu.

Brazili ilipiga marufuku biashara ya wanyamapori kwa sheria ya mwaka 1967. Bustani za wanyama za Marekani nazo zikakubaliana kutonunua tena mico wa porini. Kilio cha Coimbra-Filho kilizaa pia hifadhi ya Poço das Antas, iliyotangazwa mwaka 1974 katika bonde la mto São João, hifadhi ya kwanza ya kibiolojia nchini Brazili. Ilikuwa na hekta zipatazo 5,000, na si zote zilikuwa na miti. Reli iliikatiza, na baadaye bwawa la Juturnaíba likazamisha sehemu yake.

Februari 1972 wataalamu walikutana Washington kuzungumzia jambo moja tu: jinsi ya kumwokoa mico. Waliokuwa kizuizini nje ya Brazili hawakufika 80, na walikuwa wakifa haraka kuliko walivyozaliwa. Mwanasayansi kijana wa bustani ya wanyama ya taifa ya Marekani, Devra Kleiman, alikabidhiwa kazi ya kutafuta sababu. Majibu aliyoyapata yanashangaza kwa urahisi wake. Bustani zilikuwa zikiwaweka majike wawili pamoja, nao wakiumizana. Zilikuwa zikiwalisha matunda bila nyama ya kutosha. Na zilikuwa zikiwatenga watoto na wazazi mapema mno, hivyo mtoto aliyelelewa peke yake, akija kuzaa, hakujua la kufanya na kitoto kilichomng'ang'ania mgongoni. Malezi kwa mico hujifunzwa kwa kubeba wadogo zako. Kleiman akaamuru wawekwe dume na jike, walishwe wadudu, na watoto waachwe nyumbani mpaka waone wadogo zao wakilelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mico wa kizuizini walikuwa wameshapita 300.

Ndipo likaja wazo la kuwarudisha kwao. Mwaka 1984 kundi la kwanza la mico waliozaliwa kizuizini liliachiliwa Poço das Antas, chini ya usimamizi wa mtafiti Benjamin Beck na wenzake. Mambo yalikuwa mabaya. Wanyama hawa walikuwa wamezoea mbao zilizopigiliwa misumari, na walipokanyaga tawi la kweli likayumba, waligutuka na kurudi nyuma. Wengine walishuka chini, wakatembea ardhini kati ya nyoka na mbwa. Walipotea mita chache kutoka walipolala. Chakula kilikuwa mbele yao ndani ya bromelia, nao wakingoja sahani. Zaidi ya nusu ya kundi lile walikufa katika kipindi cha mwaka mmoja hivi.

Watafiti wakajaribu kuwafundisha kabla ya kuwaachia: kuwafichia ndizi, kubadilisha kamba na matawi kila mara, hata kuwaachia huru katika miti ya bustani ya Washington. Baada ya miaka kadhaa ya kupima wakagundua kwamba mafunzo yale hayakubadilisha mambo kwa kiasi kikubwa. Kilichosaidia ni kuwafuata baada ya kuwaachia, kuwapa chakula kwa miezi, kuwatafuta waliopotea na kuwarudisha. Na kilichoamua hasa ni kizazi cha pili. Mtoto aliyezaliwa msituni na mama wa Washington aliyeogopa matawi, alikuwa akiruka juu ya matawi hayohayo kana kwamba ukoo wake haujawahi kuondoka. Hadi programu iliposimamishwa karibu na mwaka 2000, mico wapatao 146 walikuwa wameachiliwa, na kufikia wakati huo sehemu kubwa ya mico wa porini, karibu theluthi, walikuwa uzao wao.

Jambo ambalo halisimuliwi sana, nalo pengine ndilo zito zaidi, ni la umiliki. Poço das Antas ilikuwa ndogo, kwa hiyo mico wengi waliorudishwa hawakuachiliwa katika ardhi ya serikali bali katika mashamba ya watu binafsi. Mwenye shamba aliombwa akubali tumbili wa serikali waishi katika kipande chake cha msitu, asikikate, na asiruhusu mitego. James Dietz, aliyeanza kuwachunguza mico wa Poço das Antas mwaka 1983, na Lou Ann Dietz, aliyeongoza kazi ya elimu katika mji wa Silva Jardim, walitumia miaka mingi kuongea na wenye mashamba, walimu na vijana. Baadhi ya wenye mashamba waligeuza misitu yao kuwa hifadhi binafsi kwa mujibu wa sheria, hatua ambayo haitanguki hata shamba likiuzwa. Bustani za wanyama za nje nazo zilikubali kuachia umiliki: leo mico aliye Washington au Ulaya ni mali ya Brazili, amekopeshwa tu. Kwa mnyama aliyeandikiwa bei Cabo Frio tangu karne ya 16, hayo si mabadiliko madogo.

Mwaka 1992 kilianzishwa chama cha Wabrazili wenyewe, Associação Mico-Leão-Dourado, na kazi ikahamia mikononi mwao. Kati ya mwaka 1994 na 1997 Cecília Kierulff na wenzake waliwahamisha mico 42 kutoka vipande vya msitu vilivyokuwa vikiangamia hadi shamba la União, ambalo mwaka 1998 lilitangazwa kuwa hifadhi. Walizaana vizuri. Mwaka 2003 mico alishushwa daraja katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira, kutoka hatari kubwa kabisa ya kutoweka hadi hatari ya kutoweka. Mwaka uliotangulia Benki Kuu ya Brazili ilikuwa imetoa noti ya reali 20 yenye picha yake, baada ya wananchi kuulizwa ni mnyama gani wa kuwekwa kwenye noti mpya. Kasa wa baharini alishika nafasi ya kwanza, mico akamfuatia.

Kisha ukaja ugonjwa wenye asili ya Afrika. Homa ya manjano ilivuka bahari ndani ya meli za watumwa, virusi na mbu pamoja. Katika kituo cha Entebbe, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1936 kuuchunguza ugonjwa huo, wanasayansi walithibitisha kwamba huzunguka kati ya tumbili wa msituni na mbu wa juu ya miti. Tumbili wa Afrika wamekaa nao kwa vizazi visivyohesabika na mara chache huwaua. Tumbili wa Amerika hawana kinga hiyo. Mlipuko ulioanza mwaka 2016 kusini mashariki ya Brazili uliwaua kwa maelfu, na mwaka 2018 ukafika kwa mico. Kutoka makadirio ya 3,700 mwaka 2014, hesabu ilishuka hadi 2,500. Poço das Antas iliumia kuliko kwingine.

Uamuzi uliofuata uliwagawanya wataalamu, maana kumchanja mnyama wa porini ni kumwingilia maisha yake. Timu ya Carlos Ruiz-Miranda, mtafiti wa chuo kikuu cha jimbo la kaskazini mwa Rio, ilishirikiana na taasisi ya Fiocruz kupima chanjo ileile ya binadamu kwa kipimo kilichopunguzwa. Tangu mwaka 2021 mico wa porini huvutwa kwa ndizi mtegoni, huchanjwa, kisha hurudishwa palepale walipokamatwa. Wakati huohuo upandaji wa shoroba, yaani mikanda ya miti ya kuunganisha vipande vya msitu, uliendelea, miche ikinunuliwa kwenye vitalu vya familia za jirani, zikiwemo zilizopewa ardhi katika mageuzi ya umiliki. Mwaka 2020 lilikamilika daraja lililopandwa miti juu ya barabara kuu ya BR-101 huko Silva Jardim, ili mico wa upande mmoja waweze kuoana na wa upande wa pili. Hesabu ya mwaka 2023 ilifikia 4,800.

Nambari hiyo ilishangiliwa, na ilistahili. Lakini biashara haikufa. Mico sasa anashindania chakula na saguim wa aina nyingine kutoka kaskazini mashariki ya nchi, walionunuliwa kama vipenzi, wakachosha, wakatupwa msituni Rio. Na soko la mico mwenyewe limefufuka. Februari 2024 mashua ya tanga yenye bendera ya Brazili ilikamatwa Togo, Afrika Magharibi, ikiwa na mico na kasuku wa buluu adimu. Mico 17 na kasuku 12 walirudishwa Brazili kwa ndege wakiwa wamedhoofika.

Biashara ya kimataifa ya mnyama huyu imekatazwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 1975. Ndani ya Brazili, sheria ya mwaka 1998 inampa anayekamata au kuuza mnyamapori bila kibali kifungo cha miezi sita hadi mwaka mmoja, pamoja na faini, na adhabu huongezwa nusu endapo mnyama huyo yuko hatarini kutoweka. Ukilinganisha adhabu hiyo na gharama ya kumrudisha mico mmoja msituni, pamoja na bei anayouzwa gizani, ni wazi kwamba sheria hiyo haimtishi anayemiliki mashua ya kuvuka bahari.